Mlio wa Motokaa ni Onyo



Shauri ninalotaka kuzungumza nanyi leo ni dogo kwa sura, lakini lina uzito. Ni ule mlio mkali, mwembamba, ambao watu wengi huusikia katika motokaa zao hata wakauzoea. Baba huwapeleka watoto shuleni, kisha huvuka daraja la Nyali kwenda kazini kisiwani, na mlio huo humfuata kila siku. Akiulizwa husema, "Gari limezeeka, liacheni lilie." Maneno hayo hayana busara. Chombo hakina ulimi, nacho kinapolia kinamwambia mwenyewe jambo.

Jambo la kwanza basi si kununua kifaa kipya, wala kufungua nati. Ni kusikiliza. Jiulize: gari hulia wakati gani? Ni pale unapokanyaga breki? Ni injini inapowashwa asubuhi? Au ni wakati wote magurudumu yanapozunguka? Mwenye kujibu maswali hayo matatu amekwisha kufika nusu ya njia.

Tuanze na breki, kwa kuwa hapo ndipo penye roho za watu. Sisi tunakaa karibu na bahari, na hewa ya chumvi hula chuma upesi. Gari lililolala nje usiku, hasa wakati wa mvua, huota kutu nyembamba juu ya sahani za breki. Asubuhi litalia unapokanyaga breki mara chache za kwanza, kisha litanyamaza. Hilo si la kutisha. Lakini likiendelea kulia mpaka ufike darajani, usilidharau.

Pedi nyingi za breki zimetiwa ulimi mdogo wa chuma. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ikiisha kulika hata ikakaribia milimita 3, ulimi huo hugusa sahani na kulia. Watengenezaji waliuweka makusudi, ili upate onyo mapema. Ukingoja mpaka mlio ugeuke kuwa mkwaruzo, ujue kuwa sasa chuma kinasaga chuma. Hapo sahani nazo zitaharibika na gharama itazidi. Na lililo baya zaidi, gari litachelewa kusimama siku ambayo mtoto atakatiza njia.

Anayetaka kutazama mwenyewe aliweke gari mahali tambarare na pagumu, wala si juu ya mchanga. Avute breki ya mkono, aweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu yanayobaki chini, alegeze nati, ndipo apandishe jeki. Asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Pengine ataona kijiwe kimenasa kando ya sahani. Akikitoa, mlio umekwisha. Pedi zikiwa zimelika, zibadilishwe za magurudumu yote mawili, la kulia na la kushoto, ili gari lisivute upande mmoja linaposimama. Vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo, kwani hudhuru mapafu. Mafuta wala grisi visiguse uso wa pedi, hata kama mtu atakuambia kuwa huondoa kelele: kelele itakwisha, na breki nazo zitakwisha. Kazi ikimalizika, kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka uhisi zimekuwa ngumu, ndipo uondoke polepole. Asiye na ujuzi wa kazi hii amwachie fundi.

Mlio wa pili ni wa asubuhi, injini inapowashwa, au unapofungua taa na mashine ya kupoza hewa. Huo kwa kawaida ni wa mkanda unaozungusha alternata, na katika magari mengi huzungusha pampu ya maji pia. Zima injini, utazame kama mkanda umepasuka, umeng'aa, au umelowa mafuta. Kisha mtu mmoja awashe injini, na mwingine anyunyize maji kidogo juu ya mkanda. Mlio ukizidi, mara nyingi mkanda umelegea. Ukinyamaza kidogo na kurudi, huenda puli hazikukaa sawasawa. Mikono, ncha za leso na mikono ya kanzu vikae mbali kabisa. Mkanda wa zamani ubadilishwe kabla haujakatika, kwani ukikatika betri haitapata moto, na injini yaweza kuchemka katikati ya msongamano darajani.

Mlio wa tatu huongezeka kwa kadiri ya mwendo, hata usipokanyaga breki. Huenda beringi ya gurudumu imeharibika. Gurudumu likiwa juu ya jeki, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, usisafiri nalo mbali. Lipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.

Mwisho, unapokwenda gereji, usimwambie fundi "gari linalia" ukanyamaza. Mweleze linalia lini, upande gani, na tangu lini. Mwombe akuonyeshe kifaa cha zamani alichokitoa. Fundi mwema hatachukizwa, nawe hutauziwa usichokihitaji.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pedi za breki zina bei, lakini bei hiyo hailingani na roho ya mtu mmoja wa nyumbani kwako. Kwa hiyo, gari likilia kesho asubuhi, lisikilize.