Ndege Ndogo Zinapogongana Ardhini



Abiria wengi huogopa ndege ikipaa na ikitua. Ile safari fupi ya kutoka maegeshoni hadi barabara ya kurukia haimtii mtu hofu. Ndege inakwenda polepole kama baiskeli, itamdhuru nani?

Mwezi Julai 2006, mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, palikuwa na maonyesho makubwa ya ndege. Ndege mbili zilikuwa njia moja, moja nyuma ya nyingine. Ya mbele ilikuwa RV-6, ndege ya viti viwili ambayo watu hujiundia wenyewe. Ya nyuma ilikuwa Avenger, ndege nzito ya kivita ya wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Avenger iliigonga RV-6 kwa nyuma, propela yake ikaikata. Abiria wa RV-6 alifariki, na hata ndege moja haikuwa imeacha ardhi.

Kwani rubani hakuwa na macho? Alikuwa nayo, lakini Avenger ina gurudumu dogo mkiani. Ikiwa chini, pua yake hutazama juu na injini ile kubwa huziba kilicho mbele. Rubani wa ndege ya aina hiyo hulazimika kwenda akipindapinda, kushoto kidogo, kulia kidogo, ili achungulie kando ya pua. Akinyoosha tu, anatembea kipofu. Hapa Kenya, ndege za Super Cub ambazo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) limezitumia kwa doria nazo zina gurudumu la mkiani, ingawa pua yao ni ndogo zaidi.

Caravan, ambayo wengi wameipanda kwenda Mara au Lamu, ina gurudumu la mbele, na rubani wake huona vizuri. Taabu yake ni mabawa: kila upande karibu mita 8, na ncha hupita mbali na pale anapokaa. Kwenye maegesho yaliyobana, akiwa na shaka, heri asimame, azime injini, mtu ashuke akapime kwa macho. Dakika tano zitapotea, basi.

Viwanja vingi vidogo havina mnara wa kuongozea ndege. Marubani huambiana kwa redio walipo na wanakoelekea, na aliyenyamaza ni vigumu wenzake kumjua alipo.

Abiria naye ana macho. Akiona bawa au propela ya ndege nyingine inakaribia, amwambie rubani papo hapo, hata kama ni mzee anayepanda ndege mara ya kwanza. Huko si kumfundisha kazi. Na wanaokuja kupokea wageni wangoje nje ya uwanja, watoto wakiwa wameshikwa mkono, mpaka propela isimame kabisa.