Theluji Inapoporomoka



Leo tuzungumze juu ya theluji. Wengi wetu tumeiona kwa mbali tu, kule juu Kibo. Lakini kuna wenzetu wa Uswisi, katika milima ya Alps, ambao theluji huwafikia mpaka mlangoni, na kila mwaka huua watu. Tuone jinsi wanavyoupima mteremko kabla ya kuukanyaga.

Theluji huanguka leo, ikakaa, ikaanguka tena wiki ijayo, tabaka juu ya tabaka. Hatari kubwa imo katika tabaka bovu lililojificha chini. Baridi kali ikidumu siku nyingi, theluji ya chini hugeuka punje punje kama sukari, haishikani. Kisha upepo huleta nyingine, ikajipanga juu yake ngumu kama ubao. Haya, mwaga mtama juu ya paa, halafu tandika mkeka juu yake. Utakaa? Ukiugusa tu, wote unateremka. Ndivyo ilivyo kule. Mtu anapita, uzito wake unavunja lile tabaka la chini, na upande mzima wa mlima unakatika. Mara nyingi anayefunikwa ndiye aliyeichokoza, yeye au mwenzake.

Basi wanaojua huchimba shimo, wakapapasa ukuta wake. Penye theluji laini ngumi huzama. Pagumu kidogo huingia vidole vinne, pagumu zaidi kidole kimoja, halafu penseli, mwisho kisu. Wakikuta pagumu juu na palaini chini, wanajua hapo pabaya. Lakini shimo moja halitoshi. Hatua mia mbele mambo yanaweza kuwa mengine. Kwa hiyo husikiliza pia. Theluji ikitoa mguno mzito chini ya miguu, au ikipasuka ufa unaokimbia, hawaendelei. Tena huogopa zaidi miteremko ya digrii 30 na kupanda, karibu mwinuko wa paa la nyumba ya nyasi.

Mjini Davos iko taasisi inayochunguza theluji. Wakati wa baridi hutoa taarifa kila siku saa 11 jioni, yenye namba 1 hadi 5. Namba 5 ni hatari kubwa mno. Sasa, mnadhani ipi inaua wengi? Ni 3! Karibu nusu ya vifo hutokea siku za namba 3. Siku ya 5 watu hukaa ndani. Siku ya 3 jua linawaka, mlima unapendeza, mtu anasema, "Si tatu tu?"

Aliyefukiwa akitolewa katika dakika 10 za kwanza, mara nyingi hupona. Ikifika nusu saa, wengi wamekwisha kufa kwa kukosa hewa. Waokoaji wako mbali bondeni, kwa hiyo wa kumfukua ni wenzake aliofuatana nao. Ndiyo maana kila mmoja hubeba sepetu yake, na penye mashaka huvuka mmoja mmoja, wengine wakimtazama.