Ruhusa ya Safari Itolewe Mapema
Mazungumzo na wakazi wa kata kuhusu mimba ya kwanza



Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Kwa mjamzito wa mara ya kwanza, akiba iliyo bora si fedha wala nguo za mtoto peke yake, bali ni uamuzi uliokwisha kufanywa. Usiku wa dharura, barabara mbovu huchelewesha, lakini mara nyingi swali moja huchelewesha zaidi: nani aseme mama aondoke? Mume yu safarini na simu yake haipatikani. Mama mkwe anashauri kungoja kupambazuke. Naye binti mwenyewe, kwa kuwa hajawahi kuzaa, hajui kama anayoyaona ni ya kawaida au ni ya hatari, hivyo hunyamaza.

Tanzania imepiga hatua kubwa katika uzazi salama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Hata hivyo, kwa nyumba iliyongoja vigelegele ikapata kilio, takwimu hizo si faraja.

Maandalizi huanzia kliniki. Wapo wanaoficha mimba changa kwa aibu au kwa kuogopa husuda, wakafika zahanati tumbo likiwa limekwisha kuonekana. Inafaa mama ahudhurie kabla ya wiki 12 kutimia, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane. Huko hupimwa wingi wa damu, mkojo, shinikizo la damu, kaswende na virusi vya UKIMWI. Asiyewahi kuchanjwa pepopunda hupewa sindano mbili katika mimba hiyo, zikipishana wiki nne au zaidi. Hupewa pia chandarua, vidonge vya kuongeza damu vya kumezwa kila siku, na dawa ya SP ya kuzuia malaria kwa ratiba ya mhudumu.

Kipimo cha shinikizo la damu kisidharauliwe. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, na shinikizo laweza kupanda pasipo mama kuhisi maumivu yoyote. Anayeruka hudhurio kwa kuwa hajisikii vibaya hujinyima kinga iliyo karibu naye.

Chakula cha mjamzito hakihitaji utajiri. Maharage, dagaa, mayai, matembele na mchicha hupatikana sokoni. Chungwa au embe likiliwa pamoja navyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo wala na vidonge, kwa kuwa huyazuia madini hayo. Anayetamani udongo amweleze mhudumu, maana tamaa hiyo yaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ziepukwe kabisa. Zipo zinazoubana mfuko wa uzazi kwa nguvu hata ukapasuka.

Dalili za hatari zijulikane na kila mtu nyumbani: kutokwa na damu, kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza au kuacha kucheza. Dalili moja yatosha kuondoka. Uchungu wa mimba ya kwanza huwa mrefu kuliko wa mimba zinazofuata, na jambo hilo huwadanganya wengi wakadhani muda ungalipo. Uchungu ukianza, mahali pa kungojea ni kituoni.

Kwa sababu hiyo, kabla ya mwezi wa nane, kila nyumba yenye mjamzito ifanye kikao kifupi. Ikubaliwe mama atajifungulia kituo gani, nani atamsindikiza, nani atabaki na nyumba, na fedha ya dharura itawekwa wapi. Vitenge safi, nguo za mtoto na kadi ya kliniki vikae katika mfuko mmoja. Anayeishi mbali aulize mapema kama kituo kina nyumba ya kusubiria wajawazito.

Usafiri wa dharura hutafutwa kwa namba 115, inayopigwa bila malipo. Mhudumu wa mfumo wa m-mama huuliza hali ya mama, kisha hutafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa pale gari hilo lisipopatikana. Namba hiyo iandikwe ukutani.

Mwisho wa kikao hicho, mume atamke mbele ya wote kwamba dalili ya hatari ikionekana, mkewe aondoke mara moja, yeye awepo au asiwepo. Mama mkwe naye aitikie. Maneno hayo hayagharimu shilingi, lakini yakisemwa mapema, binti hatakuwa na haja ya kungoja simu ipatikane wala alfajiri ifike.