Mashine ya Kukatakata Matawi: Jinsi ya Kuifunga Nyuma ya Trekta na Kuirekebisha

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na fundi mmoja wa matrekta mbele ya mkutano wa wakulima huko Kimumu, karibu na Eldoret.)



Nimeombwa niwaeleze habari za mashine hii mnayoiona mbele yenu, ambayo kikundi chenu kimeichangia fedha kwa muda mrefu na kuiagiza kutoka ng'ambo. Nafahamu ya kwamba wako kati yenu waliouza ndama ili kutimiza sehemu yao. Kwa sababu hiyo sitaisifu kama afanyavyo mwenye duka. Nitaeleza tuliyoyaona siku tulipolifungua sanduku, makosa tuliyoyafanya mimi na wenzangu, na mambo tuliyolazimika kuyabadili kabla ya kuithubutu kazini.

Haja ya mashine hii mnaijua kuliko mimi. Mtu akiuza mikaratusi yake iwe nguzo, au misaipresi ipasuliwe mbao, mnunuzi huchukua shina na kumwachia matawi. Zamani mashamba yalipokuwa mapana, matawi yalichomwa pembeni wala hapana aliyelalamika. Leo mji wa Eldoret umetufikia, mashamba yamegawanywa kuwa ploti, na moshi wako huingia moja kwa moja katika nyumba ya jirani. Tena yale yanayoteketea ni mali: hufaa kufunika udongo, na hufaa kulaliwa na ng'ombe.

Lakini mashine ya kigeni haijui inakokwenda. Wazee mnakumbuka habari za mpango wa karanga kule Kongwa, Tanganyika, ulioanzishwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengine yakiwa mabaki ya vita kutoka Ufilipino, yakashindwa na mizizi ya Kongwa na udongo wake uliokuwa ukilika chuma. Mashine nyingine zilikuwa imara kabisa. Ila hapana aliyekuwa ameuuliza udongo kwanza. Basi sisi tulijaribu kuuliza.

Jambo la kwanza tulilolikuta lilitushtua. Giaboksi ya mashine ilikuwa kavu. Watengenezaji wengi humwaga oili kabla ya kusafirisha, na karatasi yenye onyo ilikuwa imelowa na kuchanika. Kama tungaliiwasha siku ile kwa furaha, meno yangaliungua katika muda wa dakika chache, na fedha zenu zingalikwisha kabla ya tawi la kwanza kukatwa. Kwa hiyo, kila mashine itokayo katika sanduku, fungua kizibo cha oili utazame kwa macho yako. Kisha kaza kila bolti kwa spana. Sisi tuliona bolti tatu zilizokazwa kwa vidole tu.

Kuifunga nyuma ya trekta si kazi ngumu, maana mikono mitatu ya nyuma ni ile ile iliyoenezwa na Bwana Harry Ferguson kwa trekta lake dogo la kijivu, lililotengenezwa kule Coventry kuanzia mwaka 1946 hadi 1956. Tazameni tu unene wa pini. Pini za matrekta madogo zina milimita 22, na za makubwa milimita 28. Pini nyembamba katika tundu pana hugonga-gonga mchana kutwa mpaka tundu likawa kama yai. Afadhali kununua bushi za kujazia.

Sasa nakuja kwenye shafti, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi huvunja matrekta yao bila kujua sababu.

Nguvu hutoka katika mhimili ule mfupi ulio nyuma ya trekta, ambao mafundi huuita P.T.O. Kati ya mhimili huo na mashine kuna shafti yenye mabomba mawili, moja huingia ndani ya jingine. Shafti iliyokuja katika sanduku ni ndefu makusudi, kwa kuwa mtengenezaji hajui trekta lako ni lipi. Imepasa kukatwa. Kijana mmoja aliniambia, "Fundi, mbona imeingia?" Ni kweli iliingia, mashine ilipokuwa chini. Lakini mashine ikiinuliwa kwa haidroliki, umbali kati ya trekta na mashine hubadilika, na shafti iliyo ndefu mno hukosa mahali pa kwenda. Basi husukuma. Husukuma mhimili wa trekta kwa ndani, huvunja beringi, na pengine hupasua giaboksi. Kwa upande mwingine, ukiikata mno, mabomba hushikana kwa ncha tu, na siku moja huachana yakiwa yanazunguka. Hapo hata simba hukimbia.

Njia iliyo sawa ni hii. Funga mashine katika trekta bila shafti. Iinue na kuishusha polepole, utafute mahali ambapo umbali ni mfupi kupita pote. Iache hapo, uizuie kwa magogo isianguke. Shika nusu mbili za shafti kando kando, kila moja imefungwa mahali pake, utie alama, na ubakize nafasi ya inchi moja hivi ili zisigonge mwisho. Kile utakachokata katika bomba la nje, kata kiasi hicho hicho katika bomba la ndani, na katika vifuniko vyake vya plastiki pia. Kisha piga tupa mpaka makali yaishe, futa chenga zote za chuma, utie grisi. Mwisho ishushe mashine mpaka umbali uwe mrefu kabisa, uhakikishe ya kwamba mabomba bado yameingiliana inchi sita au zaidi. Viungo vyenye msalaba vya pande mbili vielekee namna moja, la sivyo mashine itatetemeka kama mwenye homa.

Tulifanya hayo yote vizuri, tukajisifu, kumbe tulikuwa tumesahau jambo.

Trekta tulilotumia siku ya majaribio lilikuwa la zamani, lenye klachi ya hatua moja. Ndani ya mashine hii kuna sahani nene ya chuma ishikayo visu, na uzito wake ndio unaopasua mti. Sahani hiyo ikishika mwendo haisimami upesi. Mimi nilikuwa juu ya trekta. Nikataka kusogea mbele kidogo, nikatia gia, nikaenda hatua chache, kisha nikakanyaga klachi ili nisimame. Trekta halikusimama. Injini ilikuwa imeachana na gia, lakini ile sahani nzito iliendelea kuzunguka, ikazungusha P.T.O. kwa nyuma, na P.T.O. ikazungusha gia, na gia zikazungusha magurudumu. Trekta likaenda lenyewe kuelekea tangi la maji, na mtoto wa mwenye shamba alikuwa amesimama hapo na ndoo yake. Mama yake alimvuta. Breki zililishika trekta likiwa limekwisha kugusa ukuta wa tangi. Sikulala vizuri usiku ule, na sioni haya kuwaambia.

Dawa yake ni kifaa kidogo kinachofungwa katika mhimili wa P.T.O., ambacho hupeleka nguvu upande mmoja tu: trekta huzungusha mashine, lakini mashine haiwezi kulizungusha trekta. Ni kama gurudumu la nyuma la baiskeli, ambalo huendelea kuzunguka pedeli zikiwa zimesimama. Mwenye trekta lenye klachi ya hatua mbili, au P.T.O. yenye klachi yake peke yake, hana shida hii. Mwenye trekta la zamani asiichukue mashine ya kikundi bila kifaa hicho. Nanyi angalieni: kifaa hicho huongeza urefu wa inchi kadhaa katika mhimili, kwa hiyo tulilazimika kuipima shafti na kuikata mara ya pili. Kifungeni kwanza, ndipo mpime.

Mwendo uliotakiwa ni mizunguko 540 kwa dakika. Mhimili wenye meno 6 kwa kawaida ni wa mwendo huo, na wenye meno 21 ni wa mizunguko 1,000. Matrekta mengine yana wenzo wa kuchagua kati ya miendo hiyo miwili, na mtu akikosea, sahani itazunguka karibu mara mbili ya kiasi ilichotengenezewa. Chuma kikipasuka kwa mwendo huo hakimchagui mtu. Kwa hiyo tumeandika 540 kwa rangi nyekundu ubavuni mwa mashine.

Hapa napenda kusema neno juu ya mahali petu. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupata hewa haba, na nguvu zake hupungua, huenda kwa sehemu moja katika tano hivi ikilinganishwa na Mombasa. Kitabu cha mashine kinaposema trekta la nguvu kadha latosha kwa gogo la inchi nne, kinasema habari za nchi ya chini. Sisi tulipotia mti wa inchi nne, injini ilizama na moshi ukawa mweusi. Tukiwa na trekta lile, tulikubaliana mwisho uwe inchi tatu. Yaliyo manene zaidi ni kuni, wala hayakuhitaji mashine.

Visu vinne hupita mbele ya fuawe, yaani kile chuma kilichosimama, kwa nafasi ndogo iliyoandikwa katika kitabu, kama milimita moja hivi. Nafasi ikiwa kubwa, mti hutafunwa badala ya kukatwa, na maganda ya mkaratusi, ambayo ni marefu kama kamba, hujizungusha katika mhimili. Pimeni kwa geji, kila kisu peke yake, mkiizungusha sahani kwa mkono, injini imezimwa na shafti imetolewa kabisa. Visu vinolewe vyote kwa pamoja na kwa kiasi kimoja, ili uzito usipishane. Visipate moto vikageuka rangi ya buluu, kwa maana makali yake hayatadumu. Na mtu yeyote asichomelee chochote juu ya sahani.

Kuna bolti moja katika shafti ambayo kazi yake ni kukatika. Gogo likikwama, hiyo hukatika, na vingine vyote hupona. Katika shamba moja nilimkuta mkulima aliyechoka kuibadilisha, akatia bolti ngumu iliyotoka katika springi za lori. Haikukatika tena, kweli. Ilipasuka giaboksi.

Mabadiliko makubwa tuliyoyafanya sisi wenyewe ni mawili. Kwanza, tuligeuza bomba la kutolea na kulipandisha juu kwa kipande cha bati kilichofungwa kwa bolti, ili vipande viingie ndani ya trela badala ya kumwagika chini. Pili, tuliurefusha mdomo wa kulishia. Najua wengine mlipendekeza tuukate, kwa kuwa matawi yenye panda hukwama hapo. Nilikataa, na ningali nakataa. Mdomo ule ni mrefu ili mkono wa mtu mzima usivifikie visu. Panda ikatwe kwa panga kabla ya kulishwa. Tawi likikataa kuingia, lisukumwe kwa tawi jingine, lisisukumwe kwa mkono wala kwa teke. Mlishaji asimame pembeni, asikabili mdomo, na mtu wa pili awe karibu na trekta tayari kuzima.

Na vifuniko vya plastiki vya shafti visiondolewe. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kwa sekunde. Leso, shuka, au mkono wa sweta ukigusa shafti iliyo wazi, umekwisha kuzungushwa mara tisa kabla hujatamka jina la mama yako.

Katika miti, lisheni ile mibichi, ya majuma machache tangu kukatwa. Miwati na mikaratusi iliyokauka huwa migumu mno na humaliza makali. Nguzo za ua wa zamani zisiguswe kabisa, kwa sababu ya misumari. Vipande vinavyotoka vitandazwe juu ya udongo, chini ya miparachichi na migomba, kwa unene wa inchi mbili au tatu bila kugusa shina. Msivichimbie ndani ya udongo vikiwa vibichi, maana vikioza hunyang'anya udongo naitrojeni na mahindi yenu yatakuwa ya manjano. Vya kulalia ng'ombe vikaushwe kwanza juani. Chungu la vipande vibichi hupata moto ndani; msilirundike kando ya ghala.

Maswali nitayapokea baadaye, maana jua linashuka na nyote mnataka kuiona ikifanya kazi. Trekta lililopo lina klachi ya hatua mbili, oili nimeitazama asubuhi, na shafti imepimwa. Akina mama wenye leso, tafadhalini zifungeni vizuri. Watoto wote wapite nyuma ya ile kamba, na Bwana Mwenyekiti ndiye atakayenipa ishara.