Mlango Umefunguliwa, Ufunguo Anao Nani?



Mwalimu wa Mnero anayechapa mtihani kwa kompyuta, na karani wa Nachingwea au Ruangwa anayetunza hesabu za ofisi, wote wawili hutegemea programu zilizoandikwa na watu wasiowajua. Baadhi ya programu hizo huitwa huria. Maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta, uko wazi: kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kumgawia jirani. Lakini nyingi kati ya programu hizo hugharimiwa na makampuni makubwa. Hapana budi basi kuuliza: kazi inayolipiwa na kampuni moja iko wazi kwa kiasi gani?

Mfano ulio karibu ni OpenOffice.org, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni ya Kijerumani ya StarDivision, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wake kwa umma. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, waliitafsiri programu hiyo kwa Kiswahili katika mradi wa Kilinux. Toleo lao likaitwa Jambo OpenOffice. Haki ya kufanya hivyo ilikuwa ndani ya leseni yenyewe. Hawakulazimika kumpigia mtu magoti.

Hata hivyo, leseni ni jambo moja na utawala ni jambo jingine. Fundi aliyetaka msimbo wake uingizwe katika programu hiyo alitakiwa kutia saini hati ya kuishirikisha Sun katika hakimiliki ya kazi yake. Kwa hati hiyo kampuni ilipata uwezo ambao mchangiaji mwingine hakuwa nao: kuichukua kazi ya wote na kuiuza kwa masharti yake yenyewe, kama ilivyofanya kwa programu yake ya StarOffice. Mafundi wakuu, aghalabu, walikuwa waajiriwa wake. Mlango ulikuwa wazi, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenye nyumba.

Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha ununuzi wa Sun. Waliojitolea kwa muda wa miaka kumi hawakuulizwa kitu. Septemba 28, 2010 wengi wao walijitenga, wakaunda The Document Foundation na kuiendeleza kazi ile kwa jina jipya la LibreOffice. Waliiomba Oracle iwaachie jina la zamani, wasipewe. Mwaka 2011 Oracle iliachana na mradi huo na kuukabidhi kwa Apache Software Foundation.

Wazee wa Nachingwea wanalielewa jambo hili bila ya kompyuta. Mpango wa Karanga wa Serikali ya Uingereza ulianza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Uamuzi wa kuuanza ulitoka London, na uamuzi wa kuuacha ulitoka huko huko. Hata reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndivyo ilivyo kwa kila jambo ambalo mfadhili wake ndiye mwamuzi wake.

Lakini ipo tofauti kubwa. Reli hung'olewa, msimbo uliokwisha tolewa kwa leseni huria haung'oleki. Oracle ilibaki na jina, lakini haikuweza kuwanyang'anya watu nakala walizokuwa nazo, wala haki ya kuziendeleza. Huo ndio uwazi wa kweli: haki ya kuondoka na kazi mkononi. Na haki ni lazima itendeke kwa mfadhili pia: pasipo mishahara ya Sun, huenda msimbo ule usingeufikia umma.

Haki ya kuondoka, hata hivyo, humfaa mwenye miguu. Waliojitenga mwaka 2010 waliweza kwa sababu walikuwa na mafundi waliouelewa msimbo. Tafsiri ya Kiswahili nayo huchakaa kila toleo jipya linapotoka, endapo hakuna wa kuiendeleza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hiyo kila shule na kila ofisi inayopokea programu ya bure yafaa iulize maswali matatu. Nani anamiliki jina na hakimiliki? Nani anaamua kipi kiingie na kipi kikataliwe? Na mfadhili akichoka, nani ana ujuzi wa kuendelea? Majibu ya maswali mawili ya kwanza yamo katika hati za kampuni. Jibu la tatu liko madarasani, Mnero na kwingineko, kwa walimu watakaowafundisha vijana kuusoma msimbo na kuuandika, wala si kubofya tu.