Kunakili Viumbe na Heshima ya Binadamu



Mkulima wa Bukoba anapotaka kuongeza migomba shambani hapandi mbegu. Huchimbua chipukizi kwenye shina la mgomba anaoupenda, akalipanda mahali pengine, na hatimaye hupata mgomba wenye sifa zile zile za mama yake. Mkulima wa muhogo naye hukata pingili na kuzifukia ardhini. Kwa hiyo kunakili kiumbe, yaani kupata kiumbe kipya chenye urithi ule ule wa mzazi mmoja tu, si jambo geni. Hata miongoni mwa binadamu, mapacha waliotokana na yai moja wana urithi mmoja wa kimaumbile, wala hakuna mwenye akili timamu asemaye kuwa mmoja wao ni mtu kamili na mwenziwe ni kivuli tu.

Jambo jipya ni kwamba wataalamu wameweza kufanya hivyo kwa wanyama wakubwa. Kazi hiyo haikuzuka ghafla. Mwaka 1952 Wamarekani wawili, Robert Briggs na Thomas King, walifaulu kuhamisha kiini cha seli ya chura mchanga sana na kukitia katika yai lililoondolewa kiini chake. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alieleza jinsi alivyopata vyura kutokana na seli za utumbo wa viluwiluwi, na kwa kazi hiyo alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Kisha, tarehe 5 Julai 1996, katika Taasisi ya Roslin karibu na mji wa Edinburgh, alizaliwa kondoo aliyeitwa Dolly. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walichukua seli ya kiwele cha kondoo jike wa miaka sita, wakaiunganisha kwa umeme na yai la kondoo mwingine lililoondolewa kiini, kisha wakalipandikiza katika tumbo la kondoo wa tatu. Dunia ilipopata habari hiyo mwezi Februari 1997, ilishtuka.

Mshtuko huo ulikuwa na sababu. Iwapo jambo hilo limewezekana kwa kondoo, ni nini kitakachozuia lisifanywe kwa mtu? Ili kulijibu swali hilo kwa haki, hapana budi kwanza kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara: unakili wa wanyama na unakili wa binadamu.

Kuhusu wanyama, kuna hoja nzito za kuunga mkono. Mwaka 2012 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, ikishirikiana na wataalamu wa Roslin, ilipata ndama dume wa aina ya Boran kwa njia hiyo, akapewa jina la Tumaini. Nia ya watafiti haikuwa kutafuta sifa. Walikusudia kufungua njia ya kupata ng'ombe wenye jeni itokayo kwa nyani, ambaye ana kinga ya asili dhidi ya vimelea vienezwavyo na mbung'o. Kila afisa mifugo anajua hasara iletwayo na ugonjwa wa nagana: ng'ombe hukonda na kufa, maziwa hukauka, na mashamba hukosa maksai wa kulimia. Kuukataa utafiti wa namna hiyo kwa sababu tu unatisha masikioni ni kumnyima mfugaji silaha.

Hata hivyo, unakili wa wanyama nao una gharama zake. Ili apatikane Dolly mmoja, mayai 277 yaliunganishwa na seli, viinitete 29 tu vikafikia hatua ya kupandikizwa, na mwanakondoo mmoja akazaliwa. Katika kazi za namna hii mimba nyingi huharibika, na baadhi ya ndama huzaliwa wakubwa kupita kiasi au wakiwa na kasoro za mapafu na moyo. Aidha, kundi la viumbe vyenye urithi mmoja huwa na udhaifu mmoja. Ndizi za aina ya Gros Michel, ambazo zamani ndizo zilizotawala biashara ya dunia, ziliangamizwa na ugonjwa wa ukungu katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, kwa kuwa kila mgomba ulikuwa nakala ya mwenziwe. Mfugaji anayeweka ng'ombe wa asili wa aina mbalimbali zizini ana akiba ambayo maabara haiwezi kuirudisha ikishapotea. Basi utafiti uendelee, lakini uwe chini ya usimamizi, na matunda yake yamfikie mfugaji mdogo badala ya kubaki mali ya makampuni.

Kuhusu binadamu, mambo ni tofauti kabisa. Wako watetezi wanaosema kuwa mume na mke wasiojaliwa watoto wangepata mtoto wa damu yao, na kwamba mzazi aliyefiwa angepata faraja. Uchungu wa watu hao ni wa kweli, na haifai kuudharau. Lakini nakala si marehemu aliyefufuka. Mwaka 2001, huko Texas nchini Marekani, alizaliwa paka aliyenakiliwa kutoka kwa paka wa rangi tatu, naye akatoka na rangi tofauti na za mama yake. Ikiwa hata manyoya hayafanani, itakuwaje tabia, akili na moyo wa mtu, vitu vinavyojengwa na malezi, shule na jirani? Mtoto wa namna hiyo angezaliwa akiwa amekwisha kupangiwa kuwa mtu mwingine, na kila siku angepimwa kwa kipimo cha maisha yasiyo yake.

Sababu ya pili ni kwamba hesabu ya Dolly haiwezi kuvumilika kwa watu. Tumaini la kufaulu mara moja lingelipiwa kwa mimba zilizoharibika na watoto wenye kasoro, ambao hawakuulizwa kama wanakubali kuwa majaribio. Kuzaliwa kwa nyani wawili wadogo mjini Shanghai, habari iliyotangazwa Januari 2018, kumeonyesha kuwa kizuizi cha kiufundi kinazidi kupungua. Kwa hiyo kinga iliyobaki ni maadili na sheria.

Sababu ya tatu inawahusu akina mama. Mayai hayaokotwi njiani. Katika Korea ya Kusini, mtafiti Hwang Woo-suk alidai mwaka 2004 na 2005 kuwa amepata seli kutoka katika viinitete vya binadamu vilivyonakiliwa. Ikagundulika kuwa matokeo hayo yalikuwa ya uongo, tena kwamba baadhi ya mayai yalitoka kwa wanawake waliokuwa wasaidizi wake kazini, na wengine walilipwa. Palipo na biashara ya mayai, atakayeuza ni mwanamke maskini, na atakayenunua ni tajiri. Huo ni unyonyaji, hata ukivikwa joho jeupe la maabara.

Mataifa hayakunyamaza. Azimio la UNESCO la Novemba 1997 lilitamka kwamba kunakili binadamu kwa ajili ya uzazi ni kinyume cha heshima ya mtu. Tarehe 8 Machi 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya unakili wa binadamu kwa kura 84 dhidi ya 34, na nchi 37 hazikuelemea upande wowote. Mgawanyiko huo ulitokana hasa na suala la kunakili viinitete kwa ajili ya tiba. Uingereza, kwa mfano, iliruhusu utafiti wa tiba, lakini kwa sheria ya mwaka 2001 ikapiga marufuku uzazi wa namna hiyo. Baadaye Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha, mwaka 2006 kwa seli za panya na mwaka 2007 kwa za binadamu, kuwa seli za kawaida zaweza kurudishwa katika hali ya uchanga bila kutumia yai. Yaani tiba inaweza kutafutwa bila kuuvunja utu.

Lakini azimio la Umoja wa Mataifa halimfungi mtu jela. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni wajibu wa watumishi wa umma kuhakikisha kuwa sheria za utafiti zinatungwa kabla mgeni mwenye fedha hajabisha hodi, na kwamba kamati za maadili zina watu wenye elimu na ujasiri wa kusema hapana. Walimu nao wana kazi ya kuwaeleza vijana jambo hili bila vitisho wala ushabiki. Tena wawafundishe hili: iwapo siku moja, licha ya makatazo yote, mtoto wa namna hiyo atazaliwa mahali fulani duniani, kosa litakuwa la waliomtengeneza. Yeye mwenyewe atakuwa mtu kamili, mwenye haki ya jina, ya shule na ya kuheshimiwa kama mtoto mwingine yeyote.