NJIA YA MWANGA: MANENO YALIYOSEMWA MBELE YA WANACHAMA, FREE AREA



Mwezi wa Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga nyumba kubwa ya kompyuta huko Olkaria, itumie umeme wa mvuke wa ardhini. Wengi wenu mmetuuliza, sisi watu wa reli yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Maelfu ya kompyuta bila njia ni kama stesheni isiyo na reli, na njia yenyewe ni uzi wa kioo upitao mwanga, nao huzikwa kwa majembe ya watu kama sisi.

Mwenye kupanga njia hiyo huanza na hesabu. Mwanga ni kama mshahara, kila ufikapo mahali hukatwa kitu. Kipimo chake huitwa desibeli. Kila kilomita hula 0.2, toka Nakuru mpaka Naivasha, tuseme kilomita 70, ni 14. Tukiwa na vipande vya kilomita 4, viungo ni 17, na kila kimoja tukikihesabia 0.1 twapata 1.7. Plagi za miisho miwili, 1. Jumla 16.7. Basi mpangaji akinunua mitambo iwezayo 18 tu, siku ya kufungua atapigiwa makofi. Lakini tingatinga likikata uzi, kila tengenezo laongeza viungo viwili, na baada ya kukatwa mara saba njia imekufa. Ni lazima iachwe akiba ya 3 au zaidi.

Tena, njia ziwe mbili, zisilale mtaro mmoja. Tumeona wenyewe waya wa kazi na waya wa akiba zikizikwa shimo moja kando ya barabara. Jembe moja, zote kwisha! Wakubwa walisema ni kubana matumizi.

Lililobaki ni letu. Mwanga huo hauonekani, nao waweza kuharibu jicho. Mtu asichungulie kamwe mwisho wa uzi. Vipande vya kioo navyo huingia ngozini bila kuonekana. Kibarua wa siku haambiwi haya. Twadai miwani, chombo cha kutupia vipande, na cheti kwa kila atakayefundishwa kuunganisha uzi. Wanaotaka kujifunza wampe katibu wa tawi majina yao kabla ya kuondoka hapa.